Piesi za Babu

Wanafunzi wangu wakinijia na swali lao la kila mwaka, "Mwalimu, nianzie wapi kutafuta?", huwa nawaambia waanzie na neno. Kabla hujafungua kitabu, kabla hujagusa simu, jiulize kwanza: neno hili ninalolitumia, yule ninayemwuliza analisikiaje? Hawafurahi. Walitaka niwape jina la kitabu na ukurasa. Basi nawakalisha chini, nawasimulia habari ya piesi za Babu.

Ilikuwa wakati wa vita, hapahapa Kalemie. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu, upande wa Kifaransa, na kazi yangu ya kumalizia masomo ilikuwa juu ya mwandishi mmoja wa tamthilia, Mfaransa wa enzi za wafalme, fundi wa vichekesho. Sisi wanafunzi tulimwita Babu. Alianza kuchekesha watu kabla babu zetu hawajazaliwa, na kama babu wa kweli, ukidhani umegundua jambo jipya juu ya binadamu, unakuta yeye alishalisema.

Masista wa lisée, sekondari ya wasichana, walikuwa wameniwekea nafasi ya kufundisha, kwa sharti moja: niwe nimekwisha kutetea kazi yangu mbele ya majaji wa chuo kabla shule hazijafunguliwa. Nikishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mimi narudi kumsaidia mama kukaanga mikate kando ya barabara. Siidharau mikate, ndiyo iliyonilipia minerval, yaani karo ya chuo. Lakini mafuta yake yalikuwa yameniachia alama za kutosha mikononi.

Profesa aliyeniongoza alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Alisoma nilichoandika mpaka mwisho, akayapanga makaratasi sawasawa, akaniuliza:

"Mama, umeandika vizuri. Lakini haya ya katikati umeyasoma wapi?"

Hapo alinipata. Tamthilia niliyoichagua ina sehemu tano, yaani akti tano, na kitabu cha shule nilichokuwa nacho kilitoa akti ya kwanza na kipande cha mwisho cha akti ya tano. Basi. Mwanzoni mzee mmoja tajiri anakataa katakata binti yake kuolewa na kijana anayempenda, na mtumishi wa nyumba, mwanamke wa mdomo, anabishana naye mpaka majirani wanasikia. Mwishoni watu wanakula harusi, na mzee mwenyewe ndiye anayekata nyama. Kilichotokea kati ya kukataa na kukata nyama, kitabu hakikusema. Kazi yangu yote ilikuwa juu ya mtumishi yule, na sehemu yake kubwa iko hukohuko katikati.

"Nimekisia, Papa Profesa."

"Mganga naye anakisia," alisema bila kukasirika, "lakini hatumpi diploma."

Akanieleza anachotaka: tamthilia nzima, na angalau maandishi ya mtu mwingine aliyeichunguza kabla yangu, ili nisiwe naongea peke yangu kama mtu wa homa. Bila hivyo vyanzo, hanipeleki mbele ya majaji.

Nikaanza na maktaba ya chuo. Ilikuwa kabati moja, na mlango wake ulikuwa umekwenda vitani haujarudi. Vitabu vilivyosalia vilikuwa kimoja cha kulisha ng'ombe katika nchi za baridi, na kamusi ya Kifaransa, juzuu ya pili tu, kuanzia herufi M. Mpaka leo wenzangu wa mwaka ule wana maneno mazuri sana, mradi yasianze na herufi za mbele.

Nikapanda kwa Padri wa parokia yetu, ambaye maktaba yake ilisifiwa mpaka Moba. Alinionyesha rafu kwa huzuni. Vitabu vya toba vilikuwa vimejaa, hakuna aliyevigusa. Vichekesho ndivyo vilivyokwenda vya kwanza. Aliniambia nijaribu sokoni, maana karatasi nyingi za mji zilikuwa zimehamia huko.

Ni kweli. Mama wauza karanga walikuwa wanazifunga katika karatasi za vitabu, zimeviringwa kama pembe ya mbuzi. Nilikwenda meza kwa meza, nanunua pembe, nafungua, nasoma. Nilipata hesabu za pembetatu, nilipata maisha ya mtakatifu mmoja yaliyokatika pale simba alipoachiliwa, nilipata namna ya kutunza injini ya meli. Mama mmoja aliyekuwa ananitazama tangu meza ya kwanza aliniuliza kama nanunua karanga ao nanunua karatasi.

"Karatasi, Mama. Lakini karanga nitakula."

"Basi hii acha," alisema, akivuta pembe moja kutoka mkononi mwangu. "Hii iko na hesabu, itakuletea tumbo."

Nawaambia wanafunzi wasicheke haraka, siku zile hazikupotea bure. Jambo la kwanza la kujua katika utafutaji ni kwamba mtu asiye na kitabu mara nyingi anajua kiliko. Nilipomrudia Padri na tumbo langu la karanga, alinihurumia, akakumbuka. Vitabu vyote vya Babu, juzuu za kijani, alikuwa ameviona kwa Padri mwenzake wa Kabalo kabla ya vita. Na Kabalo nilikuwa na mjomba.

Lakini reli ilikuwa imelala. Hakuna treni iliyokwenda Kabalo wala iliyotoka. Watu waliofika walikuwa wale wa baiskeli, wanaosukuma chumvi na samaki wakavu kwa wiki nyingi, na kizuizi cha askari kila baada ya vijiji kadhaa. Habari zilipita kwa foni. Kwa wasioijua: foni ni redio ya kusemea, chumba kimoja, mashini moja, na watu wote wa foleni wanasikia mambo yako. Ukimaliza kusema unasema "kwako", ili mwenzako ajue ni zamu yake. Mwenye foni, ambaye wote tulimwita Papa Foni, alikuwa na onyo moja kwa kila mteja: usitaje majina ya kigeni hewani, maana kuna wanaosikiliza, na wasichokielewa hawakipendi. Kwa hiyo jina la mwandishi sikulitaja. Nilitumia lile letu.

Mjomba alikuwa fundi wa reli asiyekuwa na reli. Sauti yake ilikuja kama mtu anayesemea ndani ya sufuria.

"Mujomba, niko natafuta piesi za Babu. Kwako."

Palikuwa na mikwaruzo kwanza. "Piesi za Babu? Kwako."

"Ndiyo. Nenda kwa Padri wa huko, eko nazo zote, zile za kijani. Mimi niko na ya mwanzo na ya mwisho. Inakosekana ya katikati. Nikiikosa nimeisha, Mujomba. Kwako."

"Ya katikati," alisema, na hata kupitia mikwaruzo nilisikia furaha yake. "Nilijua tu. Tangu zamani nilisema ni ya katikati. Kwako."

Nilitoka pale mwepesi. Sikujiuliza mjomba wangu, ambaye hajawahi kufungua kitabu kisicho cha injini, alijuaje toka zamani kwamba ninakosa akti ya pili, ya tatu na ya nne.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Sisi wa chuo, tukisema piesi, tulimaanisha tamthilia, kama Wafaransa. Askari wa kizuizi cha barabarani akisema "toa piesi", anataka kitambulisho chako. Fundi akisema piesi, anataka chuma cha kuweka mahali pa chuma kilichokufa. Maana hizo tatu nilizijua, na nilikuwa nimechagua ile yenye watu wachache kuliko zote. Ya nne nilifundishwa siku askari wawili walipokuja kwenye mikate ya mama, wakala, wakasifu, kisha wakasema maneno yangu ya foni yamemfikia Komanda wao, ananiita kwenye biro, ofisi yake ya usalama.

Komanda alikuwa mtu mkubwa, wa adabu. Alinipa kiti. Nyuma yake walisimama askari wake, wakiitikia kila neno lake kwa "ndiyo, Komanda", hata pale alipokuwa anajikohoza.

"Mademoazeli, huyu Babu ni nani?"

"Ni mutu wa tamthilia, Komanda. Alikufa zamani."

"Alikufa. Na piesi zake aliachia nani?"

"Aliachia dunia nzima."

Aliwatazama askari. "Ziko ngapi?"

"Ni nyingi. Hata wataalamu hawakubaliani."

"Na zote ziko Kabalo, kwa Padri."

"Zote, Komanda. Amezipanga ukutani."

Alivuta pumzi ndefu. "Padri huyo," alisema, "eko na piesi kunipita mimi." Kisha akainama mbele. "Hii moja ya katikati unayoitafuta, inafika mbali?"

Nikamwambia kwa fahari kwamba inafika mbali sana, watu wanaanguka chini popote inapoonyeshwa. Ndipo aliponyosha kidole dirishani. Nje, chini ya turubai, ulikuwepo mzinga wa kupigia mabomu, na askari mmoja alikuwa ameanika shati lake juu ya mdomo wa mzinga huo. Katika jeshi, kumbe, huo ndio unaoitwa piesi.

Nilicheka. Si jambo zuri kucheka katika biro ya usalama, lakini kicheko kilitoka chenyewe, kisha kikakatika, maana hakuna aliyenifuata. Basi nikafanya ninachokijua. Nilifungua mfuko, nikatoa kitabu changu cha shule, nikamweleza Komanda tamthilia ni nini na akti ni nini, pole pole, kama ningekuwa tayari mbele ya wasichana wa lisée. Nikamsomea mzee akikataa, na mtumishi akimjibu. Nilimfanyia sauti ya mzee, na sauti ya mtumishi. Kisha nikaruka mpaka kwenye harusi na nyama.

Komanda alinyanyua mkono. "Ngoja. Umeruka."

"Hapo ndipo kitabu kinaruka, Komanda."

"Mzee amekataa. Sasa anakata nyama. Nani amemugeuza?"

"Sijui. Hiyo njo ninachotafuta."

Askari mmoja alisema bila kuulizwa kwamba mzee alipigwa. Mwingine akasema hapana, alipewa kitu kidogo. Walianza kubishana nyuma ya kiti, kila mmoja na ushahidi kutoka kwa wajomba zake. Komanda aliwanyamazisha, lakini niliona naye linamsumbua. Hata hivyo alikuwa mtu wa kazi. Alisema hadithi ni nzuri, na watu wa hadithi nzuri ndio wanaopaswa kuchunguzwa zaidi. Nimwonyeshe kwamba huyo Babu aliishi kweli. Kama aliishi, narudi nyumbani. Kama hakuishi, tutaongea tena.

Mji mzima ulikuwa na mahali pachache pa kuthibitisha kitu cha namna hiyo. Kwenye ofisi moja ya misaada karibu na bandari palikuwa na sahani kubwa juu ya paa na mashini moja ya internet, na kijana wa ofisi aliyeilinda kama yai. Wanafunzi tulikuwa tumeomba kuitumia mara nyingi, tukaambiwa imeharibika. Siku ile, Komanda alipoingia kwa viatu vyake, mashini ilipona.

Nilikuwa sijawahi kuigusa. Kijana aliniambia niandike ninachotaka. Nikaandika piesi, kwa Kifaransa, nikangoja. Ukurasa ulishuka taratibu, mstari kwa mstari, nasi tumesimama kama watu wanaongojea meli ya Kigoma. Zilitoka breki za gari. Chini yake plagi, chini yake kioo cha pembeni.

"Simama hapo," Komanda alisema. "Hiyo ya tatu ni ya gari yangu ya jipe."

Ikabidi tumngojee anakili namba. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mashini haina akili kuliko mtu wa sokoni: inakupa piesi zile zinazotafutwa na wengi. Nikafuta. Nikaandika jina kamili la mwandishi, na jina la tamthilia nikalifunga katika alama za kunukuu, ili maneno yatafutwe yakiwa pamoja. Wanafunzi, shikeni hilo; nililijua kwa kubahatisha, nanyi mnapewa bure.

Kwanza ilikuja picha. Zilitangulia nywele, ndefu, za mawimbi, zikashuka mpaka mabegani, halafu shingo yenye lesi.

"Huyu ni Babu?" Komanda aliuliza. "Mbona ni Bibi?"

Masharubu yalipotokea, askari walishusha pumzi pamoja.

Na chini ya picha, katika hazina ya maktaba moja kubwa ya Ulaya, ikawepo tamthilia yote. Akti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikukimbilia katikati. Nilifungua kitabu changu cha shule, nikalinganisha akti ya kwanza ya mkononi na akti ya kwanza ya mashini, neno kwa neno, Komanda akifuata kwa kidole. Zililingana. Kama mtu amekuwa mkweli pale unapoweza kumkagua, una sababu ya kumwamini pale usipoweza. Karatasi ya kuchapia haikuwepo, basi nikaanza kunakili kwa mkono.

Katikati ya akti ya tatu umeme wa mji, unaotoka kwenye mtambo wa Bendera, ulikatika. Mtumishi alikuwa ndiyo kwanza amefungua mdomo. Komanda alisimama gizani dakika nzima, kisha akatuma askari wakalete mafuta ya jenereta yake mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda kula.

Na hivi ndivyo mzee alivyogeuzwa. Hakupigwa, hakupewa kitu. Mtumishi aliacha kubishana. Mzee akisema binti ni mjinga, anaitikia ndiyo. Akisema kijana ni mwizi, ndiyo. Akisema mvua itanyesha, ndiyo, akijirudi kwamba haitanyesha, ndiyo hivyohivyo. Akti nzima ya nne ni ndiyo, mpaka mzee anaanza kuogopa nyumba yake, anajibishia mwenyewe, na katika kujibishia anajikuta ametetea ndoa ya binti yake. Niliyokuwa nimeyakisia yote yalikuwa uongo. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya nguvu ya mwanamke kusema hapana.

"Kwa hiyo alimushinda kwa ndiyo," Komanda alisema. Akawageukia askari. "Mumesikia?"

"Ndiyo, Komanda."

Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyesikia kitu kinatembea juu ya dari.

Niliruhusiwa kurudi siku zilizofuata, na chini ya tamthilia nikakuta majina ya waliowahi kuichunguza. Mmoja, mwalimu wa chuo kikuu, makala yake ilifunguka nzima. Niliandika upya sura yote ya mtumishi. Profesa aliisoma akiwa na koti lake, akasema sasa naweza kusimama.

Siku ya kutetea, Komanda alikuja. Aliketi mstari wa mbele. Profesa alimwendea akamwambia kwa upole kwamba katika chumba kile anayetetea ni mimi peke yangu, basi silaha zingeweza kukaa nje, nazo zikakaa nje. Mkubwa wa majaji alikuwa mzee mkali asiyependa vitu vya hewani. Aliniuliza internet inashikwa wapi, iko kwenye rafu ipi, na nani ameiona.

Komanda alisimama. "Mimi nimeiona. Babu eko. Ana masharubu."

Chumba kilicheka, lakini diploma ya kuletwa na jeshi sikuitaka. Nikamwomba jaji afungue kitabu cha shule popote katika akti ya kwanza, asome mstari wowote, nami nifuate kwenye nakala yangu. Alisoma. Nikafuata. Akasoma mwingine, akijaribu kunitega kwa kuruka neno, nikamwambia kwa heshima kwamba ameliruka. Nikaeleza jinsi nilivyolinganisha kabla ya kuamini. Aliweka kitabu mezani. Akachukua kalamu, akalifuta swali lililofuata.

Wakauliza kama mtu wa nje ana neno. Komanda alitaka kujua jambo moja: je, mzee angejuaje mapema kwamba ndiyo zile zilikuwa za uongo?

Nikamjibu kwamba angejua kama angebaki na mtu mmoja tu nyumbani wa kumwambia hapana. Aliitikia kwa kichwa. Akageuka kwa askari wake wa mlangoni.

"Ni kweli hiyo?"

Askari alinitazama mimi, akatazama dari. "Sina hakika, Komanda," alisema.

Majaji walipiga makofi kabla hawajajua wanapigia nini. Kisha walitoka, wakarudi, wakatangaza kwamba nimefaulu, na Sista mkubwa, aliyekuwa amekaa nyuma, aliniambia nifike Jumatatu na chaki zangu.

Kifurushi cha mjomba kilifika baadaye, juu ya baiskeli, kimefungwa kwa gunia na kamba ya mkonge. Kilikuwa kizito kuliko juzuu yoyote. Ndani yake mlikuwa na mkono wa chuma, umepakwa mafuta vizuri. Babu yangu, baba wa mama na wa mjomba, alikuwa na mashini ya kusaga mihogo iliyokufa kabla ya vita kwa kukatika chuma cha katikati, kuku wakaifanya kitanda chao. Padri wa Kabalo, nilikuja kujua, alikuwa na jenereta ya kijani iliyokufa uani, na mjomba alimpigia magoti mpaka akaruhusiwa kuifungua na kutoa chuma hicho. Babu yangu alikitazama chuma, akafukuza kuku, na kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa umeleta mihogo yake. Unga wa bukari, ugali wetu, wa sherehe yangu ulisagwa hapo.

Nikaenda kwenye foni kumshukuru. Sikuwa na moyo wa kumweleza.

"Mujomba, nimeshinda. Piesi imefika. Kwako."

"Nilikuambia," alisema ndani ya sufuria yake. "Babu hakuwa na ubaya. Ni ya katikati tu ilikosekana. Kwako."